Shangazi, siku nzima niko kazini lakini kazi haionekani

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nimekuwa msomaji wako kwa muda mrefu, lakini sikudhani kwamba siku moja ningekuwa mimi ninayeomba shauri. Ni mama wa miaka 32, mkaazi wa Likoni, na kwa miaka sita sasa nimeajiriwa kama karani wa forodha katika kampuni moja ya uwakala wa mizigo hapa Mombasa. Kazi yangu ni kupokea hati za wateja, yaani hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi, kuandaa tamko la forodha katika mfumo wa kompyuta wa Mamlaka ya Mapato, kufuatilia ushuru hadi ulipwe, kisha kuwaelekeza wenye malori wakachukue kontena bandarini. Ni kazi ninayoijua na ninayoipenda, na ndiyo maana hali niliyo nayo inaniumiza zaidi.

Kila siku navuka feri kabla ya saa moja asubuhi, na ikifika saa mbili kasorobo niko mezani. Nafungua faili la kwanza. Kabla sijamaliza ukurasa, simu ya mezani inalia; ni mteja anauliza mzigo wake umefikia wapi. Sijaweka simu chini, ujumbe unaingia kwenye ile ya mkononi: dereva yuko langoni, anataka nambari. Nikimtumia, mwenzangu wa meza ya pili ananiomba nimtazamie bidhaa fulani inaingia katika fungu gani la ushuru, kwa kuwa mimi ndiye mzoefu. Halafu anaingia jirani wa ofisi ya ng'ambo, na mtu hawezi kuachwa asimame mlangoni bila ya kusalimiwa. Juu ya hayo nimo katika makundi 11 ya WhatsApp, likiwamo la ofisi, la madereva, na la chama chetu cha akina mama ambacho mimi ni mweka hazina wake. Ikiadhiniwa adhuhuri, faili nililolifungua asubuhi bado liko wazi, na mengine manne yamewekwa juu yake.

Sikukaa bure, nimejaribu. Kijana mmoja ofisini alinifundisha mtindo wa kufanya kazi kwa dakika 25 na kupumzika kwa dakika tano, ukijipimia kwa saa ya kengele. Sikuwahi kuzimaliza hizo dakika 25 hata mara moja. Nilizima simu asubuhi moja, na bosi akanifokea kwa sababu mteja mkubwa alinitafuta akanikosa. Kwa mwezi mzima niliamka saa tisa usiku ili nifanye kazi nyumbani kabla ya alfajiri, nikawa nasinzia feri na kusahau hata mambo niliyoambiwa jana yake.

Mwezi uliopita lilinifika la kunifika. Nilimwandikia mwenye lori maelekezo ya kuchukua kontena, lori likakaa kwenye foleni tangu asubuhi, na lilipofika langoni likageuzwa kwa kuwa nambari niliyompa haikuwa ya mzigo ule. Mzigo ukalala bandarini siku mbili zaidi na gharama zikaongezeka. Nilipokagua niliona kwamba nambari yenyewe haikukosewa hata tarakimu moja, ila ilikuwa ya kontena la mteja mwingine, ambaye faili lake nilikuwa nimelishika muda mfupi kabla. Bosi aliniuliza mbele ya watu, "Kichwa chako huwa kiko wapi?" Sikuwa na jibu.

Natoka ofisini saa moja usiku, na bosi hutuma ujumbe wa sauti hata saa nne. Wiki iliyopita nilikuwa chumbani nikimjibu, mara ukaingia ujumbe wa sauti kutoka simu ya mume wangu. Aliyezungumza ni binti yangu wa miaka minane, naye alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka nilipo: "Mama, mwalimu anataka sahihi yako kwenye daftari." Nilimuuliza kwa nini asiniite. Akasema ameniita sana, lakini naisikia simu zaidi. Mavyaa wangu alikuwapo, naye hakutia neno.

Shangazi, je, mimi ni mvivu nisiyejijua, au akili yangu imeharibika? Sijachukua likizo kwa miaka miwili kwa kuogopa kazi itarundikana. Nifanyeje?

Niliyetawanyika, Likoni

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo uliokuelemea. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwenye jambo lile lile, ambalo wewe umelipita haraka kwa sababu ya fedheha: ile nambari ya kontena. Wewe umeileta kama ushahidi dhidi yako. Mimi naiona kuwa ndiyo inayotuonyesha ugonjwa uko wapi.

Unajua kuliko mimi kwamba nambari ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na kwamba tarakimu ya saba haikuwekwa kwa bahati, bali hupatikana kwa hesabu inayozichukua zile herufi na tarakimu sita zilizotangulia. Iliwekwa hivyo makusudi, ili kidole kikiteleza na kuandika tatu mahali pa nane, hesabu ikatae na kosa lijulikane. Kosa lako lisingeweza kunaswa kwa hesabu hiyo, kwa sababu vidole vyako havikuteleza. Uliandika nambari kamili na sahihi ya kazi uliyokuwa umeiacha dakika chache kabla. Mtu mvivu hakosei namna hiyo, wala mtu mwenye akili iliyoharibika. Anayekosea namna hiyo ni mtu aliyeondolewa kwenye jambo moja na kutiwa katika jingine kabla fikira zake hazijawahi kuhama.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2009 mtafiti aitwaye Sophie Leroy alieleza kwamba mtu anapoacha kazi moja bila ya kuimaliza na kushika nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza, na hiyo ya pili huifanya kwa akili iliyopungua. Naye Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine amekuwa akiwafuatilia watu wakiwa kazini mbele ya kompyuta tangu mapema miaka ya 2000. Mwaka 2004 alikuta mtu hukaa kwenye jambo moja la kioo kwa wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia jingine. Katika vipimo vya miaka ya karibuni wastani huo umeshuka hadi sekunde 47. Katika jaribio jingine alilolichapisha na wenzake mwaka 2008, waliona kwamba watu wanaokatizwa hawachelewi, bali huharakisha ili kufidia, na bei wanayoilipa ni uchovu wa moyo, dhiki na hisia ya kukimbizwa. Nadhani hapo umejiona. Wewe hujakaa bure hata dakika moja tangu saa mbili kasorobo, na ndiyo maana unafika nyumbani ukiwa kama uliyepigana.

Kwa hiyo sitakupa shauri la kujilazimisha. Umeshajilazimisha vya kutosha, mpaka ukaamka saa tisa za usiku. Umakini wako utarudi kwa kupatana na watu walio karibu nawe, kwa sababu wao ndio wanaouchukua, na wanauchukua bila ya ubaya wowote.

Wewe ni mtoto wa pwani, kwa hiyo nitakueleza kwa jambo tulilolelewa nalo sote. Mtu akija nyumbani kwako hapitilizi ndani, hata mlango ukiwa wazi. Husimama nje akapiga hodi, akangoja, akapiga tena, na akifika mara ya tatu bila ya kuitikiwa "karibu", huondoka zake bila ya kinyongo, akijua kwamba mwenye nyumba hana nafasi saa hiyo. Hakuna aliyewahi kusema kwamba desturi hii ni ukosefu wa ukarimu. Bila hodi, hilo neno karibu lisingekuwa na maana yoyote. Sasa tazama meza yako. Simu haipigi hodi, inaingia hadi ndani. Ujumbe vivyo hivyo, na mwenzako wa meza ya pili vivyo hivyo. Binti yako amelisoma hilo vizuri kuliko sisi watu wazima: ameuona mlango usiofungwa, akapita huo.

Wengi watakuambia uzime simu uitie kwenye droo. Kwa mwandishi wa vitabu pengine shauri hilo ni zuri. Kwa karani wa forodha wa Mombasa halifai, na bosi wako, ingawa sikubali namna alivyokufokea, hapo alikuwa na haki, kwani simu ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya, na ofisa akisubiri hati ili akague mzigo hawezi kuambiwa arudi kesho. Mtindo wa dakika 25 nao hauna kasoro. Ulibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ulikushinda kwa sababu uliyejua kwamba dakika zile zimeanza ni wewe peke yako. Ofisi nzima haikuwa na habari.

Tuanze na ofisi, basi. Chagua saa moja na nusu kila siku, si zaidi, iwe ya matamko tu. Mimi ningechukua kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, kwa sababu wateja wengi bado hawajachangamka, na kwa sababu wakati wa kaskazi ofisi zetu nyingi huwa tanuri ikikaribia saa sita, na mtu hawezi kulinganisha ankara na orodha ya vifurushi huku jasho linamdondokea juu ya karatasi. Mwendee yule mwenzako wa meza ya pili umpe mapatano yenye faida kwake: katika saa hiyo na nusu yeye apokee simu zote, zako na zake, akiandika nani amepiga na anataka nini, na kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu wewe upokee zake, naye atulie. Maswali yake ya ushuru ayaandike, uyajibu yote pamoja saa tatu na nusu ikigonga. Utashangaa ni mangapi atakuwa ameshayajibu mwenyewe.

Kisha mkubaliane ni mambo gani yanaruhusiwa kukukatiza, na yawe machache yanayotajika kwa majina: lori lililo langoni, ofisa anayesubiri kukagua, na hitilafu ya malipo ya ushuru siku mzigo unapoanza kutozwa gharama za kulala bandarini. Haya hayangoji, na ni haki yakufikie. Mteja anayeuliza mzigo umefikia wapi anangoja, wala hakasiriki akiambiwa kwa heshima kwamba atapigiwa kabla ya saa nne, mradi apigiwe kweli. Ukimvunjia ahadi hiyo mara mbili, mpango wote umeanguka, kwa kuwa atarudi kupiga kila dakika kumi, naye atakuwa na sababu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo palipotoka msiba wa kontena. Hata ukiilinda saa yako, yale machache ya haraka yatakuja, na lazima uyaache uliyo nayo mkononi. Weka daftari dogo upande wa kulia wa kibodi, na kabla ya kugeuka andika nusu sentensi ya ulipofika, kwa mfano: "Ankara ya pili, nimeingiza bima, bado uzito wa bidhaa ya tatu." Inachukua sekunde chache. Huyo huyo Leroy, pamoja na mwenzake Theresa Glomb, walichapisha mwaka 2018 matokeo yanayoonyesha kwamba anayejiandikia kwa ufupi ameachia wapi na atarudi kufanya nini huwa na mawazo mepesi zaidi katika lile analokwenda kulishika. Akili huacha kushikilia, kwa kuwa imeona limeshikiliwa mahali.

Ukishaandika, funga faili. Namaanisha ulifunge kweli, uliweke kwenye trei ya kushoto, na hati zake katika kompyuta uzifunge, ndipo ufungue la mteja mwingine. Mafaili mawili yaliyofunguliwa juu ya meza moja ndiyo yaliyobadilishana nambari siku ile. Na nambari ya kontena inayokwenda kwa mwenye lori isitumwe kabla hujaisoma kwa sauti kutoka kwenye hati yenyewe, si kutoka kwenye ujumbe uliouandika: herufi nne kwanza, kisha tarakimu tatu, kisha tatu, kisha ile ya mwisho peke yake. Mwenzako akiwapo aifuatilie kwa macho. Jicho likisoma lilichoandika lenyewe huona linachotarajia. Sikio si jepesi hivyo kudanganyika.

Mimi nilifanya ukarani kwa miaka mingi, zama ambazo ofisi nzima ilikuwa na simu moja, na sitaki nikudanganye kwamba tulikuwa bora, kwa maana tulipoteza nusu siku kutafuta faili moja la karatasi. Lakini jambo moja tulilijua, ambalo naona limesahaulika: namna ya kumpokea mgeni bila ya kupoteza kazi wala adabu. Jirani akiingia, simama. Usimwitikie ukiwa umekaa huku macho yako yako kwenye kioo, kwa kuwa hiyo ndiyo dharau yenyewe. Simama, mpe mkono kama ni wa kupewa mkono, muulize hali yake na ya nyumbani, umsikilize ajibu, kisha umsindikize hadi mlangoni huku mkipanga kuonana baada ya adhuhuri. Aliyesalimiwa kwa kusimama hujiona ameheshimiwa, naye hatavuta kiti. Salamu namna hiyo zina dakika mbili tu, na zinampendeza mtu kuliko robo saa ya "mh" na "ndiyo" za mtu asiyemsikiliza.

Makundi ya WhatsApp sitayajadili sana. La madereva na la ofisi yabaki na sauti, na yaliyobaki yote uyanyamazishe leo usiku, kisha uyasome mara tatu kwa siku: saa nne, baada ya sala ya adhuhuri, na saa kumi. Siku yetu tayari imegawanywa na adhana, mwanangu, na mtu anayesimama kuswali au kupumzika wakati huo anao mpaka uliowekwa ambao hata bosi haukatizi. Utumie mpaka huo. Ama chama, waambie wenzako kwa unyenyekevu kwamba michango itapokelewa na kuandikwa Jumamosi, na wakiona haitoshi wamchague mweka hazina mwingine kwa mwaka mmoja. Kuweka hazina ni amana, na amana haishikwi vizuri na mtu anayeiandika huku akijaza tamko la forodha.

Kuhusu feri, nakuomba uziache dakika zile za kuvuka. Tia simu ndani ya mkoba, ambako pia ni salama zaidi katika msongamano wa asubuhi, uangalie maji. Katika siku yako yote nimezitafuta dakika ambazo hazidaiwi na mtu yeyote, na nimeziona hizo tu.

Kuamka saa tisa usiku uache kabisa. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na unaoukopa usiku unalipwa mchana kwa kusahau, kama ulivyojionea mwenyewe. Ikiwa unalala ukiwaza ya kesho, mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, waliwaomba vijana 57 waandike kwa dakika tano kabla ya kulala, baadhi yao mambo yanayowangoja na baadhi yao mambo waliyokwisha kuyafanya. Walioandika yanayowangoja walipata usingizi mapema zaidi, na kadiri walivyoyaandika kwa undani ndivyo walivyolala upesi. Fanya hivyo ukingali ofisini, kabla ya kuzima kompyuta. Andika faili gani litakuwa la kwanza kesho, na ni hati gani inayokosekana ndani yake.

Sasa tumfikie bosi, ambaye najua ndiye unayemwogopa. Usimwendee na malalamiko wala na jina langu. Mwendee na hesabu. Kwa wiki mbili tangu kesho, kila unapokatizwa ndani ya saa yako ya matamko, tia mstari mmoja katika daftari, na pembeni herufi moja ya sababu: M kwa mteja, D kwa dereva, O kwa mtu wa ofisini, B kwa bosi mwenyewe. Andika pia kila hati iliyorudishwa kwa kasoro. Kisha uombe dakika kumi, mkiwa wawili, na useme maneno ya namna hii: "Bosi, kosa la kontena lilikuwa langu, na sitaki lirudi. Nimehesabu kwa wiki mbili nikaona nakatizwa mara kadhaa nikiwa ndani ya tamko moja. Naomba saa mbili hadi saa tatu na nusu nisihamishwe ila kwa mambo haya matatu, na mwenzangu amekubali kunipokelea simu. Tujaribu mwezi mmoja, halafu wewe mwenyewe uhesabu kasoro." Mfanyabiashara anayelipia lori lililogeuzwa langoni anaielewa lugha hii. Katika mazungumzo hayo hayo muulize, kwa upole lakini waziwazi, ni ujumbe gani wa usiku unaotaka jibu usiku ule na ni upi wa kusikilizwa asubuhi. Inawezekana kabisa anautuma saa nne kwa kuogopa kusahau, akishangaa kwa nini wewe hulali.

Na likizo uidai. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa malipo kamili, kwa kila miezi 12 uliyoitumikia, na angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hilo si jambo la kuombea msamaha. Unasema kazi itarundikana. Ni kweli, itarundikana kiasi, na ofisi itajifunza ni nani mwingine anayepaswa kuijua. Kampuni ambayo tamko lake la forodha linajulikana na mtu mmoja tu iko hatarini hata huyo mtu asipougua.

Lakini nikuambie ukweli wote. Ikiwa baada ya mwezi wa utulivu mafaili bado ni mengi kuliko saa za siku, basi suala si umakini tena. Ni kazi ya watu wawili iliyowekwa juu ya mmoja, na daftari lako litakuwa ushahidi wa kuomba msaidizi au wa kutafuta mahali pengine, kwani karani mwenye miaka sita ya uzoefu bandarini hakosi pa kwenda. Na ikiwa hata mahali palipo kimya kabisa fikira zinakukimbia, na hali hiyo uliijua tangu ukiwa skuli, au imekuja pamoja na huzuni isiyoondoka, muone daktari umweleze kama ulivyonieleza mimi. Hakuna aibu.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu yeye hahitaji wiki mbili za hesabu. Ukiingia nyumbani, simu iwekwe juu ya kabati la vyombo, sauti ikiwa wazi kwa ajili ya lile la haraka mliloafikiana na bosi, na ikae pale mpaka mtoto alale. Mwambie mavyaa wako kwamba umeiweka pale na kwa nini. Naamini hakunyamaza siku ile kwa kukulaumu, na atakusaidia kuilinda. Kisha keti sebuleni, umwite mtoto kwa sauti yako, na umwambie alete lile daftari. Hukunieleza kama ulilitia sahihi.